Noti ya hariri na hatifungani ya 1919: miji ya Ujerumani ilivyochapa pesa yake

Swali, kutoka kwa msomaji wa Lushoto: "Shikamoo mwalimu. Babu wa baba yangu alikuwa mwinjilisti, akifanya kazi na wamisionari Wajerumani wa Bethel hapa Usambara. Kwenye sanduku lake tumekuta vitu vitatu. Cha kwanza ni kipande cha hariri chenye jina la Bielefeld, kinafanana na noti. Cha pili ni noti ya karatasi ya mji mwingine, ya mwishoni mwa Oktoba 1923, imeandikwa Fünfzig Milliarden Mark. Cha tatu ni hati kubwa ya jiji, ya mwaka 1919, ya mark 1,000 kwa riba ya asilimia 4, na vikuponi vyake bado viko pembeni. Mji unawezaje kuchapa pesa yake wenyewe? Na je, ukoo wetu unadai chochote?"

Marahaba. Naanza na swali lako la mwisho, maana najua ndilo linalosubiriwa nyumbani. Ukoo haudai kitu. Noti zote mbili zilishapitwa na muda wake zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na hati ya jiji ilikuwa na njia yake ya kudaiwa ambayo ilifungwa kitambo. Hata hivyo, vitu hivyo vitatu kukaa pamoja ni bahati kubwa. Nimefundisha habari hizi kwa muda mrefu, na ni mara chache nimeona sanduku moja likibeba hadithi nzima namna hiyo.

Neno la kushika tangu mwanzo ni hili: noti ya mji na hatifungani ya mji zote ni madeni. Mwenye duka asipokuwa na chenji akakuandikia kikaratasi kwamba anadaiwa nawe shilingi mia tano, na jirani yako akakipokea kikaratasi hicho kama malipo kwa sababu anamfahamu yule mwenye duka, basi hapo pesa imezaliwa. Miji ya Ujerumani ilifanya hivyo hivyo kwa muhuri na sahihi ya meya. Wajerumani waliiita Notgeld, yaani pesa ya dharura. Hatifungani nayo ni ahadi ya mji uleule, ila inalipwa baada ya miaka mingi na ina riba. Kilichoamua nani aokoke na nani azame mwaka 1923 ni kipimo kilichoandikwa kwenye ahadi: mark ya karatasi, au kitu kingine.

Vita vilipoanza Agosti 1914, serikali ilisimamisha ubadilishaji wa noti kwa dhahabu. Watu wakaficha sarafu za fedha, na katika siku chache maduka yakakosa chenji. Miji na viwanda vikaanza kutoa vikaratasi vya thamani ndogo. Baadaye nikeli na shaba zikatakiwa kwenye silaha, chenji ikazidi kuadimika, na miji ikatoa sarafu za chuma na zinki. Vita vilipoelekea ukingoni mwaka 1918 hata noti kubwa zilipungua, na Reichsbank, benki kuu ya Ujerumani, yenyewe ikaihimiza miji iisaidie. Kwa hiyo usidhani miji iliiba mamlaka. Ilianza kwa kuziba pengo ambalo benki kuu ilishindwa kuliziba.

Hariri yako ni ya kipindi kinachofuata, na haikutengenezwa kwa ajili ya kwenda sokoni. Kufikia 1921 watu walikuwa wameanza kukusanya noti za miji kama wengine wanavyokusanya stempu, na miji ikagundua kwamba noti ambayo mnunuzi anaihifadhi ndani ya albamu hairudi kudai chochote. Ikachapa noti za rangi kwa seti, nyingine zikiwa na muda mfupi kabisa wa kutumika. Hameln ikachora mpiga filimbi wake wa hadithini. Huko Saxony vikatolewa vipande vya kauri nyekundu kutoka kiwanda cha Meissen. Osterwieck, mji wa watengeneza ngozi, ukachapa juu ya ngozi. Bielefeld ulikuwa mji wa kitani na hariri, na benki ya akiba ya mji chini ya mkurugenzi wake Paul Hanke ikachapa noti juu ya hariri, kitani na mahameli, vitambaa vilivyofumwa palepale. Vichwa vya habari, mashairi ya uchungu na picha za wakati ule vilijazwa hadi kwenye mapindo. Mapato yaliingia kwenye mfuko wa mji.

Kufika kwake Usambara kunaelezeka. Bethel, makao ya misheni iliyofanya kazi kwenu na Bukoba, iko hukohuko Bielefeld. Wamisionari waliporudi miaka ya 1920 walikuja na vitu vya mji wao, na kitambaa ni zawadi nyepesi kubeba. Isitoshe, watu wa Bethel walikwisha kuzoea wazo la pesa ya mahali: tangu 1908 taasisi ile ilikuwa na pesa yake ya ndani, iliyotumika katika maduka yake.

Noti ya karatasi ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba tukae kidogo.

Tarehe 11 Januari 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliingia bonde la Ruhr, kitovu cha makaa ya mawe na chuma, kwa madai kwamba Ujerumani imechelewesha fidia za vita. Serikali ya Berlin iliwaambia wafanyakazi wa Ruhr wagome, na ikawalipa wakiwa wamegoma. Kodi haikutosha hata robo ya mzigo huo, kwa hiyo malipo yakatoka kwenye mashine za kuchapia. Mark ilikuwa imeshaanza kuanguka tangu vitani, sasa ikaporomoka. Mwaka 1914 dola moja ya Marekani ilikuwa mark 4.20. Wastani wa Januari 1923 ulikuwa karibu 18,000. Agosti ukafika zaidi ya milioni 4.6, na Oktoba zaidi ya bilioni 25. Mwezi Novemba dola ikasimama kwenye mark trilioni 4.2.

Jambo linalowashangaza wanafunzi wangu kila mara ni kwamba katikati ya mafuriko hayo pesa ilikuwa adimu. Reichsbank iliajiri viwanda 133 vya uchapaji vyenye mashine 1,783, pamoja na viwanda zaidi ya 30 vya karatasi, na bado noti hazikutosha, kwa sababu bei zilipanda upesi kuliko mashine zilivyoweza kuchapa. Noti iliyochapwa Jumatatu ikifika mjini Alhamisi ilikuwa imeshapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Mfikirie mweka hazina wa mji katika hali hiyo. Ana makondakta wa tramu, wauguzi, mafundi wa mtambo wa umeme, na wasio na kazi wanaongoja posho. Mishahara iliyokuwa ya mwezi imekuwa ya wiki, halafu ya mara mbili kwa wiki, halafu ya kila siku, kwa sababu mke wa mfanyakazi husimama mlangoni akingoja noti akimbie nazo sokoni kabla bei haijabadilika. Lori la benki kuu halijafika. Kule Ruhr huenda limekamatwa na askari wa Ufaransa pamoja na shehena yake. Mweka hazina anakwenda kwa mchapaji wa gazeti la mji, na usiku uleule zinachapwa noti za upande mmoja tu, upande wa pili mweupe. Wiki ijayo tarakimu zimekuwa ndogo mno, basi noti zilezile zinapigwa muhuri mwekundu wenye tarakimu mpya. Itazame yako kwenye mwanga. Kama nyuma ni tupu, sasa unajua sababu.

Kisheria mambo hayakupaswa kuwa hivyo. Sheria ya Julai 1922 ilitaka mtoaji yeyote apate ruhusa ya wizara ya fedha na aweke dhamana kamili ya noti anazotoa. Kufikia vuli ya 1923 watoaji walikuwa zaidi ya 5,000, miji, wilaya, viwanda, mabenki, hata shirika la reli la taifa, ambalo lilikuwa miongoni mwa wakubwa, na wengi wao hawakungoja ruhusa ya mtu. Thüringen ilimpa Herbert Bayer, aliyekuwa akisoma shule ya usanifu ya Bauhaus mjini Weimar, kazi ya kusanifu noti za mamilioni za benki ya jimbo. Ni kazi safi ajabu, herufi nzito na mistari mitupu, imefanywa kwa haraka, na ukiiona utadhani imechapwa jana.

Noti yako inasema mark bilioni 50. Ipime kwa bei ya stempu ya barua ya kawaida ya ndani ya nchi, maana viwango vya posta vya mwaka ule vinajulikana tarehe kwa tarehe. Tarehe 1 Novemba barua ilikuwa mark milioni 100, kwa hiyo noti yako ingetuma barua 500. Tarehe 5 ikawa bilioni moja: barua 50. Tarehe 12 ikawa bilioni 10: barua 5. Tarehe 20, bilioni 20: barua 2 na chenji. Tarehe 26 stempu ilikuwa bilioni 80, na noti nzima haikutosha kutuma hata barua moja. Hayo yote ndani ya mwezi mmoja.

Sasa jiulize nani alifaidika. Mji uliitoa noti ile mwishoni mwa Oktoba ukalipia kazi halisi: mtu aliendesha tramu, muuguzi alikesha wodini. Ilipofika siku ya kuirudisha, mji ulilipa deni hilo kwa thamani ya stempu moja pungufu. Aliyebeba hasara ni kila aliyelala na noti ile mfukoni. Ilikuwa kodi, ila haikupitishwa na baraza lolote, na iliwakata zaidi wasio na kitu kingine cha kushika. Mwenye kiwanda alishika dola au mashine. Mjane alishika noti. Siwalaumu waweka hazina wa miji midogo, maana waliokoa watu na njaa wiki kwa wiki, lakini viwanda vikubwa vilivyotoa noti kwa mabilioni, huku vikijua benki kuu itazipokea kwa thamani kamili, vilijua vizuri kabisa vinafanya nini.

Tuje kwenye hati ya 1919. Hii ni hatifungani, ya jamii moja na zile unazozisikia siku hizi zikiuzwa na mamlaka na serikali. Jiji lilikopa kwa wananchi kwa ajili ya umeme, maji, reli za mjini, na baada ya vita kwa ajili ya chakula na wasio na kazi. Mark 1,000 kwa asilimia 4 ni mark 40 kwa mwaka, kwa kawaida kuponi mbili za mark 20, yaani vipande vya kukata na kudai riba. Kabla ya vita mark 20 ilikuwa sarafu ya dhahabu, mtu aliishika akahisi uzito wake. Kuanzia Machi 1923 stempu ya barua ilikuwa mark 100, kwa hiyo kuponi nzima haikufika hata robo ya gharama ya kuituma kwa posta. Ndiyo maana hati nyingi za namna hii zimebaki na vikuponi vyake: hakukuwa na sababu ya kuvikata. Kiasi cha madeni yaliyoyeyuka kinatisha. Deni la ndani la serikali kuu yenyewe, mark bilioni 154, kufikia Novemba 1923 lilikuwa na thamani ya pfennig 15 na kidogo za mwaka 1914, na pfennig ni sehemu moja ya mia ya mark. Madeni ya zamani ya miji yaliyohesabiwa kwa mark yalikwenda njia hiyohiyo.

Wakopeshaji walijifunza upesi kutoamini mark. Mwishoni mwa 1922 jimbo la Oldenburg liliuza hati za aina mpya, zilizohesabiwa kwa Roggen, nafaka ya jamii ya ngano ambayo Wajerumani hutengenezea mkate mweusi. Mnunuzi alilipa bei ya siku ile ya kilo 125, na jimbo likaahidi kumlipa mwaka 1927 bei ya siku hiyo ya kilo 150. Mark ingeweza kuanguka ilivyotaka, kilo zisingebadilika. Wengine wakafuata: huko Baden hati za mitambo ya umeme zilihesabiwa kwa makaa ya mawe, na Prussia ikatoa mkopo uliohesabiwa kwa potasi, ile chumvi ya mbolea inayochimbwa ardhini. Maoni yangu ni kwamba zile za makaa ndizo zilizokuwa na akili zaidi. Mtambo wa umeme unaishi kwa makaa, na bei ya umeme inapanda makaa yakipanda, kwa hiyo mdaiwa anadaiwa kitu kinachotembea pamoja na mapato yake. Mji unaodaiwa nafaka hali mashamba si yake unacheza kamari na bei ya mazao.

Kisha ikaja noti ya mji yenye thamani isiyoyumba, na hii ndiyo sehemu ambayo vitabu vingi huiruka. Agosti 1923 serikali ilifungua mkopo wa mark za dhahabu milioni 500, zikihesabiwa 4.20 kwa dola kama mwaka 1914. Oktoba ikatoa vipande vidogo vya mkopo huo ili vitumike kama pesa, na miji ikaruhusiwa kutoa noti za namna hiyo kwa kuweka vipande hivyo kama dhamana. Ndiyo maana kuna noti za dharura zenye tarakimu za ajabu kama 0.42, 1.05, 2.10 na 4.20: ni sehemu ya kumi ya dola, robo, nusu na dola nzima. Hamburg ilikwenda mbali zaidi, ikaunda benki kwa kazi hiyo, Hamburgische Bank von 1923, iliyofungua akaunti za dhahabu na kutoa mpaka sarafu za alumini. Jiangalizie hili: nyuma ya mkopo wa serikali hapakuwa na ghala la dhahabu. Noti zile zilisimama kwa sababu kiasi chake kilikuwa na mpaka, na kipimo chake hakikuwa mikononi mwa mchapaji.

Tarehe 15 Novemba ikatoka Rentenmark, sarafu mpya, moja ikiwa sawa na mark trilioni moja za karatasi, na dhamana yake ilikuwa madai juu ya ardhi na viwanda. Bei ya noti yako ikawa senti tano za sarafu hiyo. Lakini Rentenmark peke yake isingefua dafu. Hjalmar Schacht, kamishna mpya wa sarafu, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 Novemba Reichsbank haitapokea tena pesa za dharura. Hapo ndipo ule mrija ulipokatwa: mji au kiwanda hakingeweza tena kuchapa noti zake na kuzibadilisha kwa noti za benki kuu. Mameya na wenye viwanda wa Rhineland walikasirika mno, na siku chache baadaye Schacht alikwenda Köln kukutana nao ana kwa ana. Walikuwa na hoja, kwa vile Rentenmark ilichelewa kufika maeneo yaliyokaliwa na Wafaransa na miji ile ilikuwa bado inaishi kwa noti zake. Hata hivyo hakurudi nyuma, na naamini alifanya sawa.

Waliokuwa na hatifungani hawakunyamaza. Tarehe 28 Novemba 1923 mahakama kuu ya Ujerumani ilitoa hukumu katika kesi ya rehani ya kiwanja kilichokuwa Lüderitz, Namibia ya leo, ikasema mdaiwa hawezi kumaliza deni la zamani kwa kulipa karatasi isiyo na thamani kana kwamba mark ni mark. Hukumu ile ililisukuma bunge. Sheria za Julai 1925 zikarudisha kiasi. Kwa madeni ya umma, hati ya mark 1,000 ilibadilishwa kwa hati mpya ya mark 25 za sarafu mpya. Aliyeinunua kabla ya Julai 1920 na akathibitisha hivyo alipata haki ya kuingia kwenye bahati nasibu ya kila mwaka. Namba yake ikitoka, alilipwa mara tano ya hizo 25. Madeni ya miji yaliwekwa katika mpango unaofanana na huo.

Kwa hiyo hati yako ya 1919, kama ilinunuliwa mwaka uleule, ingeweza kuleta mark 125 mpya au karibu na hapo, sehemu moja ya nane, laiti mwenyewe angeipeleka kabla ya mwisho wa muda uliowekwa. Kwamba iko kamili pamoja na vikuponi ni dalili kubwa kwamba haikupelekwa. Pengine mmisionari aliyekuwa nayo alikuwa safarini, au aliichukulia ni karatasi ya kufungia vitu.

Nchi hii nayo iliwahi kuwa na pesa ya dharura ya Wajerumani, kabla ya hiyo ya babu. Vitani, meli za Waingereza zilipofunga bahari, utawala wa Kijerumani ulichapa noti za muda humu nchini kuanzia 1915, na mwaka 1916 kule Tabora ukagonga sarafu za shaba za heller na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Wazee wakikuambia kuna karatasi nyingine ndani ya Biblia za zamani, tazama kwanza kama zimeandikwa rupia au mark, maana hizo ni habari mbili tofauti.

Kuhusu bei: noti za karatasi za 1923 zilichapwa kwa wingi mno, na nyingi zinauzwa kwa pesa kidogo sana. Hariri ya Bielefeld wakusanyaji wanaipenda zaidi, hasa isiyofifia. Usiifue wala kuipiga pasi, usiibandike selotepu, usiipeleke kwa watu wa lamination, na usiitundike ukutani penye jua. Ilaze katika bahasha ya karatasi isiyo na rangi, bila kuikunja. Hati ya 1919 ifungue taratibu, usikate vikuponi, kisha itazame nyuma: kama kuna muhuri wa mwaka 1925 au 1926, basi mtu alijaribu kuidai na maelezo yangu hapo juu yatabadilika. Piga picha pande zote mbili unitumie, pamoja na maandishi yoyote ya mkono ya babu yaliyo pembeni.